Taa Ilibaki Kijani

Kabondo, Kisangani

Moussa hakulala, Zaina. Hakulala, hakunywa, hakuachia usukani hata mara moja. Naliandika hilo mbele ya salamu kwa sababu nakujua, ukiona mwandiko wangu unaweza kuchana karatasi kabla hujafika katikati. Bon. Ukitaka kuchana, chana sasa, lakini hilo umekwisha kulisoma.

Assalamu alaykum, mdogo wangu. Umeamkaje huko Basoko? Mguu wako uliokuwa unavimba umepoa, au bado unaukanda kwa maji ya moto? Mama mkwe wako anakula? Sisi huku tupo, ndiyo neno pekee la kusema, tupo. Tension yangu, presha hii ya damu, inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Mvua haikatiki, njia ya kwetu imekuwa tope tupu, pikipiki zinaanguka mbele ya mlango na mimi sitoki hata kuangalia nani kaanguka. Kitanda cha mwanao Amani kiko vile vile alivyokitandika siku aliyokwenda kwenu likizo, shuka limevutwa pembe zote kama nilivyomfundisha. Sijakigusa. Nilisema mama yake ndiye atakayekitandua.

Nakupigia simu, unakata. Mama Clémence, muuza vitenge anayekuletea barua hii, ameniambia umesema katikati ya soko kwamba kwenye arobaini ya mwanao hutakuja, kwamba Moussa akitoka cachot, huko mahabusu, asipite hata njia ya kwako, na kwamba umekwisha kutuma mtu kwa shehe wa huko kuuliza habari ya talaka. Akaniambia pia Basoko nzima inasema mumeo alikuwa amelewa lotoko. Moussa! Mtu anayenusa juisi ya nanasi kabla ya kuionja, akiogopa imekaa sana ikachacha! Nilicheka, Zaina, Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya mgeni, halafu kicheko kikageuka kitu kingine ikabidi Clémence anishike mabega.

Najua walivyokueleza. Walikuambia baleinière ya Papa Henri, ile boti yake ya mbao, ilitoka kwenu imejaa, mchele, bidoni za mawese, wanafunzi wanaorudi shuleni, na Amani wetu kati yao. Walikuambia imepita Yangambi salama, mchana kweupe, na huku maji yanaingia polepole chini ya mizigo bila mtu kuyaona, mpaka karibu na Yanonge ikalala ubavu. Wakasema kapiteni Moussa alikuwa amelala, tumbo limejaa, kofia usoni. Wakasema mashine ya kutoa maji ilikuwa nzima, taa yake ilikuwa inawaka kijani mpaka mwisho, donc kosa ni la mtu. Papa Henri alisema hivyo parquet, kwa mwendesha mashtaka. Na mimi dada yako nilisema hivyo hivyo. Nilisimama mbele ya yule bwana wa parquet na kitenge changu cha Idi, nikamwambia mashine aliyoitengeneza mwanangu Feruzi haiwezi kukosa.

Kitu ambacho hawakukuambia ni kwamba Moussa alizama na kuibuka, akazama na kuibuka, hata wavuvi wa Yanonge wakamfunga kamba kiunoni ili asiendelee. Alimtoa mtoto wa mtu mwingine. Wa kwake hakumwona, mpaka mto ulipomtoa wenyewe.

Mimi ndiye ninayempelekea chakula. Pondu anakula kidogo, wali anakula. Samaki anasukuma sahani, hataki hata harufu yake. Haulizi lini atatoka. Anauliza tu kama umepiga simu, nami nasema mtandao wa Basoko ni mbaya. Juzi akaniambia kitu. Alisema, "Yaya Khadija, dada yangu, pengine nililala kweli. Macho iko wazi, naangalia taa, taa iko kijani. Lakini watu wote wanasema. Pengine mutu anaweza kulala macho wazi." Mdogo wangu, ametafuta kosa lake mpaka amelitengeneza. Nikakusanya sahani nikaondoka. Subiri, utajua kwa nini niliondoka.

Wewe unajua kwa Feruzi mimi sina breki. Tangu alipokuwa mdogo anafungua redio ya marehemu baba yake na kuirudisha ikiimba vizuri kuliko zamani, nilimwambia kila aliyepita mlangoni, na asiyepita nilimfuata kwake. Watoto wa wenzangu wanafungua ordinateur, hizi kompyuta, waangalie mpira. Wa kwangu anaingia ndani kabisa, kule ambako hata walimu wake hawapendi kwenda. Mahali hapo anapaita noyau, mimi napaita kokwa, kama kokwa la ngazi, tunda la mchikichi: ukila nyama ya nje huoni kama liko, lakini ndilo limeshika kila kitu. Kokwa ndilo linaloamua nani anafanya kazi sasa na nani anasubiri.

Alinieleza hivi, nami nilishika vizuri. Ukiwa ndani ya kokwa na una kazi ya kufanya baadaye kidogo, huruhusiwi kukaa hapo ukisubiri, kwa maana ukisimama wewe, mashine nzima inasimama. Unaliambia kokwa: mimi natoka, hesabu mapigo kadhaa ya saa yako, kisha uite kazi yangu hii. Kokwa linahesabu, muda ukifika linaita. Mara moja tu. Likishaita limesahau, halikudai wala halikuulizi. Kazi ikitaka kuitwa tena, ni yenyewe ikumbuke kuomba kabla haijatoka. Mimi niliyeishia darasa la sita nawaeleza hayo wanawake wa soko, wananikodolea macho kama profesa! Grâce wa mkaa alisema, "Mama Feruzi, siku utakufa tutakuzika na ordinateur kifuani." Nikamwambia sawa, lakini iwe ya mwanangu, si ya duka.

Basi kasha la ile mashine alilolifunga kwenye boti lilifanya kazi hivyo. Chini kabisa, mahali maji yanapokusanyika, aliweka vijiti viwili vya chuma. Kila baada ya muda mfupi kokwa linaita ile kazi, kazi inaviuliza vijiti: kuna maji? Vikisema ndiyo, inawasha pampu. Halafu inaomba iitwe tena, inatoka. Na karibu na usukani kuna taa ya kijani, maana yake niko macho, lala bila wasiwasi. Siku walipolifunga, Papa Henri alimwondoa Sadrack, yule aliyekuwa akichota maji chini na kopo lake, akampeleka kwenye kupakia. Sadrack alininunia. Aliniambia, "Mama, hii kasha yenu haina mugongo wa kuuma, lakini haina pua pia." Nilimjibu kwa kigelegele, watu wote wa beach, pale bandarini, wakageuka. Moussa naye akamchukua Feruzi begani kama mtoto mdogo, akamzungusha, akasema huyu ni kijana wangu mimi, si wa Khadija peke yake.

Alors, baada ya matanga Papa Henri alikuja na lile kasha. Walikuwa wameliondoa kwenye boti iliyovutwa mchangani, likiwa bado limefungwa plastiki. Alitaka Feruzi athibitishe kwa maandishi kwamba liko zima, ili mambo ya Moussa yaishe haraka. Feruzi hakutaka kulitazama. Tangu msiba alikuwa hasemi, anakaa ukutani na kupiga magoti yake kwa ngumi. Ni mimi niliyemsukuma. Nikamwambia simama baba, fungua, waonyeshe watu wewe ni nani.

Nikaleta beseni kubwa uani, nikajaza maji mwenyewe. Akatumbukiza vijiti, akaliwasha kasha upya, akaunganisha pampu yake ndogo ya kujaribia. Pampu ikavuta, vizuri kabisa. Nikapiga makofi, Zaina. Nikamwambia ona! Yeye akawa ananusa vidole vyake. Alikuwa ameshika vijiti vilivyotoka mtoni na vidole vilikuwa vyekundu, vinanuka mawese. Boti ilikuwa imejaa bidoni, na bidoni gani ya mawese isiyovuja? Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina mafuta jikoni.

Nikamletea kikombe. Akayamimina juu ya maji, akaviinua vijiti na kuviteremsha tena, vikavaa mafuta. Nikaongeza maji kwenye beseni kama alivyoniambia, nikaongeza, nikaongeza, mpaka yakamwagika miguuni mwetu. Pampu kimya. Taa kijani.

Nilimwambia bon, basi ni mafuta, mafuta si wewe! Alivua shati lake, akavipangusa vijiti mpaka vikang'aa, akavirudisha ndani ya maji. Hapo nilingoja ile pampu iamke. Haikuamka. Tulisimama pale kama watu wanaongoja mgeni. Vijiti safi, maji tele, pampu kimya, taa kijani. Ndipo alipokaa chini kwenye tope na shati mkononi, akasema, "Mama, iko kosa yangu."

Sasa nakuambia nilichokuwa nakiogopa tangu mstari wa kwanza. Si Moussa aliyemwacha Amani azame. Ni Feruzi wangu.

Alinieleza, na laiti nisingeelewa, lakini yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha vizuri mno. Aliandika kwamba vijiti vikitoa jibu lisilo na maana, ile kazi itoke hapo hapo, isije ikawasha pampu kwa uongo. Mawazo mazuri kabisa. Lakini ombi la kuitwa tena alikuwa ameliweka mwisho, chini, baada ya mambo yote. Siku hiyo mafuta yalivifunika vijiti, pengine kwa muda mdogo tu. Kazi ikaitwa, ikauliza, ikapata jibu la kipuuzi, ikatokea mlango wa juu bila kufika kule chini. Haikuomba. Na kokwa haliulizi. Tangu hapo hakuna aliyeitwa. Taa nayo hakuna aliyeiambia izime, ikabaki na rangi ya mwisho iliyopewa, na mumeo akaitazama kijani mpaka maji yakafika magotini. Wakati wote wa kutengeneza, Feruzi alikuwa amelijaribu kasha kwa maji ya bomba. Mtoto wa Kisangani, amekulia kwenye sufuria ya mawese, akasahau boti za kwetu zinabeba nini!

Kisha alifungua ordinateur yake pale pale uani, akaupandisha mstari ule mmoja juu, mbele ya lile swali. Mstari mmoja, Zaina. Akamimina mafuta tena, akapangusa tena. Pampu ikakohoa, ikavuta. Sijawahi kuchukia sauti kama ile. Na hata hapo, unisamehe, hata hapo moyo wangu wa kijinga ulisema: nani mwingine katika mji huu angeliona kosa hilo? Ndivyo nilivyo. Nafikiri hata kaburini nitajisifia mtu.

Nilimwambia alitupe kasha chooni na tunyamaze. Nimekuandikia ukweli. Nilimwambia wewe ni mmoja tu nami sina mwingine, na Moussa atatoka siku moja, watu wanatoka. Nilitaka kumpandisha treni ya Ubundu akakae kwa jamaa za baba yake mpaka maneno yapoe. Akaniuliza, "Tonton Moussa abaki kule ndani, na mimi nikule samaki Ubundu?" Kwa hiyo siku ile shemeji aliponiambia pengine alilala macho wazi, mimi nilikuwa nimekwisha kuliona lile beseni. Nilibeba sahani zake na ukweli wake nikarudi nao nyumbani.

Feruzi hakunisikiliza, alikwenda parquet peke yake. Yule bwana alimcheka. Alisema, "Kijana, tangu lini ordinateur inaua mutu? Kapiteni anaua. Rudi na mwenye boti, rudi na wazee, usinirudie na beseni." Akarudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kwa Shehe Abdulhamid. Walikaa sana. Waliyoyapanga ndiyo yatakayofanyika, mimi sikuulizwa.

Arobaini itasomwa uani kwangu. Papa Henri atakuwepo, amekwisha kukubali, akidhani anakuja kula wali. Familia za Isangi zilizopoteza watu wao zimealikwa pia, Wakristo na Waislamu. Shehe amemwomba mkubwa wa gereza amlete Moussa na polisi wake kwa muda wa hitma, na amekubali kwa mdomo. Baada ya dua, Feruzi ataleta beseni katikati, atamimina mafuta kwa mkono wake, watu waone. Halafu atasema ni nani aliyeandika, kisha wote wataondoka pamoja mpaka parquet, yeye mbele. Amesema baada ya kusema atakaa chini na hatakimbia.

Zaina, nimekufa mara ngapi nikifikiria pale atakapokaa chini. Léon, yule mchuuzi wa Isangi aliyepoteza mke, aliwapiga mabaharia wawili wakati wa matanga, na wao hawakuwa wamefanya lolote. Atafanya nini kwa aliyefanya? Usingizi sina. Nampikia Feruzi, anakula mbele yangu ili nisiseme, halafu namsikia anatapika nyuma ya nyumba. Amekonda mpaka saa ya baba yake inazunguka mkononi. Wanaonipita hawasimami tena kusikiliza sifa, maana hawasikii sifa, na hawajui bado kwa nini. Wakijua, hii nyumba haitakuwa na mlango wa kubishwa tena. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kuzaa na mmoja uliyenipa nikae naye. Mmoja yuko chini ya udongo, wa pili namwona akitembea uani kama mtu aliyekwisha kuaga.

Sikuombi umsamehe. Ukifika na kumtemea mate nitamfuta uso na nitakuwekea kiti. Ukisema unataka nisiitwe dada yako tena, nitaitika jina utakalonipa. Kitu kimoja tu ninakuomba, na hicho nina haki nacho kwa sababu si changu: Moussa. Ataletwa na pingu, atapita mlangoni akitafuta uso mmoja tu, na uso huo si wangu. Yeye hajui bado. Anakuja akiamini amemuua mtoto wake. Feruzi atakapofungua mdomo, mtu huyo atarudishiwa jina lake na wakati huo huo atampoteza kijana aliyembeba begani. Akiwa peke yake pale, sidhani ataweza kulibeba. Usimwache asikie hayo bila wewe kuwa karibu. Talaka ukitaka utaidai baadaye, kwa kosa jingine, si kwa hili.

Wasalimu wote wa nyumbani kwako. Msalimu mama mkwe, mwambie dawa yake ya kikohozi nimempa Clémence. Wasalimu majirani walioosha vyombo vya matanga, Mungu awalipe. Waambie pia jamaa zote za Moussa waliofunga milango yao kwamba wanatakiwa hapa, wote, hata wale waliomtukana, wao hasa. Feruzi ameomba nikuandikie salamu zake. Nikamwambia salamu hizo atazipeleka mwenyewe.

Boti nyingine inatoka kwenu Jumanne, kapiteni wake ni Hugues, mtu wa taratibu, na Sadrack ndiye anayechota maji chini. Pandeni hiyo. Tunawangoja Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri.

Yaya yako,
Khadija